Mafundi wa nyumba za kuishi nao wana haki ya fidia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee mafundi wanaotujengea nyumba huku Tandahimba na Newala, hasa msimu huu ambapo fedha za korosho zimeanza kuingia na karibu kila kijiji kina nyumba inayopauliwa.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri ajisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na kuuchangia kulingana na mishahara anayolipa, bila kumkata mfanyakazi hata senti. Kwa sekta binafsi mchango ulianza na asilimia 1, na tangu mwaka 2022 ni asilimia 0.5, yaani kwa fundi anayelipwa shilingi 20,000 kwa siku, mwajiri hutoa shilingi 100, fedha isiyotosha hata soda. Anayeumia kazini hutibiwa na kulipwa sehemu ya ujira wake wakati hawezi kufanya kazi, na akifariki wategemezi wake hupata pensheni, bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea.

Tatizo ni kumpata huyo mwajiri. Mwenye nyumba hupatana kwa mdomo na fundi mkuu, naye huwachukua mafundi wenzake na vibarua wa kuchanganya zege na kupandisha tofali, wote wakilipwa jioni mkononi. Hapa mtaani kwetu saidia fundi mmoja alianguka kutoka usawa wa lenta baada ya mrunda uliofungwa kwa kamba chakavu kuteleza, akavunjika nyonga. Mwenye nyumba alidai amepatana na fundi tu. Fundi akajibu kwamba naye ni kibarua kama wengine. Gharama zote ziliangukia familia ya kijana, ambayo nayo ilikuwa ikimtegemea yeye.

Naishauri halmashauri, inapotoa kibali cha ujenzi, imtake mwombaji aonyeshe kwa maandishi nani anawaajiri mafundi na kama amejisajili. Najua vijijini wengi hujenga bila kibali. Huko mtendaji wa kijiji angeweza kutunza nakala ya makubaliano, hata yakiwa kwenye karatasi ya daftari, mradi yataje majina na ujira wa kila mmoja, kwa kuwa malipo hukokotolewa kutokana na kipato ambacho kibarua asiye na kumbukumbu hawezi kukithibitisha. Mfuko nao uwaelimishe mafundi wakuu kabla ya kazi za kupaua kushamiri.

Mkazi wa Tandahimba,
Mtwara