Kubandika kopi kwenye wiki sio kuunganisha mifumo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku. Ofisini kwetu tuna wiki ya timu, yaani tovuti ya ndani ambayo kila mwenzetu anaweza kuihariri, humo ndo tunaandika taratibu za kazi, nani anashika nini, mgeni akija aanzie wapi, halafu kuna mfumo wa nyaraka ambako mikataba na fomu zilizopitishwa zinakaa. Tukaambiwa viunganishwe, tukafurahi, kumbe kuunganisha kwenyewe ni mtu anashusha faili kule anaipandisha huku! Hiyo ni kuzalisha kopi tu jamani.

Mimi imeshaniumbua. Nimeingia kwenye wiki nikachukua fomu iliyobandikwa pale, imeandikwa "fomu_mpya_ya_mwisho_KABISA_2", nikamtumia mteja, akajaza kurasa zote 6 akasaini, kesho yake naambiwa hiyo ilishabadilishwa siku nyingi, kule kwenye nyaraka wako toleo la 5 na mimi nimetuma la 3. Kumpigia mtu umwambie ajaze upya, we acha tu.

Neno wiki ni la Kihawaii, maana yake haraka. Mwandishi wa programu Ward Cunningham alilitoa kwenye jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu akaipa tovuti yake ya mwaka 1995, na kazi ya wiki ndo hiyohiyo, mtu yeyote wa timu anafungua, anarekebisha, anaondoka. Mfumo wa nyaraka umetengenezwa kwa tabia nyingine kabisa, mtu anaandika, mwingine anapitia, mkubwa anaidhinisha, toleo linapewa namba. Sasa ukichukua kitu cha kule ukakitupa huku kinakosa mwenyewe, hakuna wa kukiapdeti.

Kwa hiyo wiki ibebe linki tu, faili libaki kwao. Na linki isiwe ile ya kufuata njia ya folda, maana siku mtu akibadili jina la folda zinakufa zote, iwe ya namba ya waraka, ambayo faili likihama inahama nalo. SharePoint kwa mfano, ile programu ya Microsoft ya kutunza nyaraka, inayo hiyo, ila msimamizi lazima aiwashe kwanza. Na mkiwa na mifumo ya makampuni tofauti, tangu 2010 kuna kanuni za pamoja zinaitwa CMIS za kuifanya ielewane, muulizeni anayewauzia kama wake unazifuata kabla hamjalipa.

Halafu ruhusa, hapa ndo watu wanajisahau. Faili la mishahara kule linaonwa na watu wawili, likibandikwa wiki linafuata ruhusa za wiki, yaani ofisi nzima. Hata kisanduku cha kutafuta, kama kinasoma nyaraka kwa akaunti ya msimamizi na hakiangalii anayetafuta ni nani, kitakuletea majina ya mafaili usiyotakiwa kuyajua. Utabofya utakataliwa, sawa, ila faili likiitwa "barua ya kusimamishwa kazi" na jina la mwenzako mbele, kuna nini tena cha kufungua?

Sisi tumeanza kufuta kopi moja moja na kuweka linki. Jana nimeikuta ile fomu yangu kwenye kurasa 4, na mbili kati ya hizo bado zimeandikwa "mpya".

Msomaji wenu, karani