Furaha mwanangu, dalia ya koko inakuja Bukavu

Furaha mwanangu,

Salamu mingi mama. Huku tuko, mama yako anaendelea vizuri, mugongo ilimusumbua wiki iliyopita lakini sasa iko sawa, wadogo zako wako, maisha ni ile unajua. Nilisikiliza vokali yako yote mpaka mwisho, ile unaniuliza Papa, banki zimefunga, watu wanatafuta unga, wewe unapata wapi roho ya kubeba maji ya maua. Nimeona hiyo swali haifai kujibiwa na vokali ya dakika mbili juu ni swali ya kweli, njo maana ninakuandikia, na pia kuna karto inakuja kwako na batoo, lazima ujue utafanya nayo nini.

Nianze na ile ua ya dalia nyekundu ya koko, bibi yako, ile ya duara, yenye petali zimejikunja ndani zote sawasawa na mugongo wa petali unakuwa na rangi ya chini kidogo. Koko aliipewa na masista wakati alikuwa anawafulia nguo, mimi nilikuwa ningali mudogo. Jina yake hatujui. Sasa watu wengi hawajue hii: dalia ukipanda mbegu yake haitoke ile ile. Utachukua mbegu za nyekundu ya koko, utapata pinki, utapata ya njano yenye mustari moja tu ya petali, utapata kitu hata hauelewe, juu urithi wake umechanganyika sana, dalia iko na seti nane za kromosomu wakati mimea mingi iko na mbili tu. Kwa hiyo kuipata vile ilivyo ni njia mbili tu, kugawa viazi ao kukata chipukizi ukaiotesha. Kiazi kile niko nacho leo njo ile ile koko alipanda, hapana mutoto wake. Kuna dalia moja ya kule Wales inaitwa Bishop of Llandaff, nyekundu pia lakini majani yake meusi-meusi, ilitoka mwaka 1924, na mpaka leo watu wanaipanda kwa sababu kila mwaka kuna mutu alichunga kiazi na akamupa mwengine. Ile ya kwao iko mu bustani za inchi mingi. Ya kwetu, kwa vile minajua, iko mu parseli moja tu, hapa Goma, juu ya mawe ya volkano.

Basi swali yako, jibu njo hiyo. Ninabeba maji juu ikifia hapa, imeisha, hakuna duka ya kwenda kununua ingine.

Mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia muji ilikuta bustani imechanua. Hayo mengine unayajua na wewe pia mwezi wa pili ulipitia ya kwako huko Bukavu, siwezi kurudilia yote. Maji ilikatika, umeme ikakatika, rezo ya simu ikakatika, tulikuwa tunalala ku korido. Tantine yako alikuwa amefika kwetu na watoto wake kutoka Mugunga, na chakula mu nyumba ikaanza kwisha, duka zimefunga, hakuna pa kwenda. Siku ile kelele ilitulia kidogo nikaenda kuchimbua kichaka cha karibu na choo, nilitaka tu viazi viwe ndani ya nyumba pamoja na sisi kama itabidi tutoke mbio. Tantine akaona beseni imejaa, akasema shemeji, hizi hapana viazi?

Ni viazi kweli, na vinalika. Dalia asili yake ni Mexico, na watu wa kule walikuwa wanakula viazi vyake zamani, mbele ya Wahispania kuipeleka Ulaya (na leo njo ua la taifa lao, tangu 1963). Kwa hiyo singeweza kumudanganya tantine na watoto wanaangalia beseni. Lakini nikamuambia ungojee, nichague.

Hapa fungua macho vizuri Furaha, juu na wewe utachagua. Kiazi cha mbatata jicho linaweza kuwa popote ku mwili. Cha dalia hapana. Jicho la dalia liko ku shingo tu, pale kiazi kinashikana na shina la zamani, utaona kidoti kidogo kimeinuka, cheupe ao cha pinki, wakati mwengine ni kidogo sana mpaka ugeuze kiazi ku mwanga pole pole. Kiazi kikivunjika shingo, ao kikitoka bila kipande cha lile shina, hata kikiwa kinene namna gani hakitaota, kitakaa mu udongo kitaoza. Nikakaa pale ku mulango na kisu, vyenye jicho mu kitunga, visivyo na jicho mu sufuria. Watoto wa tantine walikula na chumvi. Haina utamu, iko karibu haina ladha, na inajaza gesi mu tumbo juu wanga yake ni ya aina inaitwa inulini, tumbo ya mutu haiweze kuivunja. Lakini ilishibisha ile usiku. Na kitunga kililala chini ya kitanda yetu, mama yako hakusema hata neno moja juu ya udongo kumwangika ku sakafu ya simenti, na wewe unamujua mama yako na usafi wake.

Mwezi wa tatu mvua iliporudi nikapanda. Sikupanda vyote. Maji ya robine ilikuwa inakuja siku inataka, na udongo wetu unaujua, ule mweusi tulileta tukamwanga juu ya mawe, maji inapita yote inakwenda chini, hii ni muzuri kwa viazi kwa sababu havioze lakini wakati wa jua majani inalala saa sita tu. Nikaona ni heri vichaka kidogo vyenye kushiba kuliko bustani nzima yenye kiu. Vingine, vya rangi zingine, nikagawia majirani. Pembeni nikaweka maganda ya kahawa na majani makavu, unene wa mukono, yachunge unyevu. Maji ya ziwa ninatia tu kama hakuna namna, juu ziwa Kivu iko na magadi-magadi ndani, ukiitumia kila siku majani mapya inaanza kuwa ya njano na mishipa peke yake inabaki ya kijani, na dalia inapenda udongo wenye asidi kidogo. Maji ya mvua njo yake. Kila kitu ya kukinga maji ya bati nilikiweka inje, beseni, bidoni, hata ile sufuria kubwa ya sherehe. Na maji ya kuoshea mboga haikutupwa, niliwaambia watoto wote wa nyumba.

Mavi ya ng'ombe ya kutoka Masisi haikuwa inafika, nikatumia ya sungura, iliyooza vizuri, na kidogo. Hii kitu ya mbolea watu wa hapa wanazidisha. Ukiipa mbolea mingi ya kuotesha majani utapata muti munene muzuri wa kuangalia, maua kidogo, na viazi vyenye maji-maji haviweze kukaa.

Tena, kuhusu maonyesho ya maua, unaniuliza kama ilifanyika. Ilifanyika! Mu sale ya parokia, mwisho wa mwezi wa tano, mwezi wa Maria. Meza zilikuwa kidogo kuliko zamani, wengine wamekimbia, wengine bustani zao zilikanyagwa, wengine wanasema maua hapana ya saa hii. Ninawaelewa. Lakini wale walikuja walikuja na maua ndani ya chupa za soda na mikebe ya maziwa, na sale ilikuwa na watu mpaka inje.

Mimi niliingia ku meza ya shina tatu za aina moja. Hiyo meza njo ninaipenda kuliko zote. Ua moja kubwa kila mutu anaweza kulipata kwa bahati, lakini tatu zinazolingana, rangi moja, upana mumoja, umri mumoja, hiyo ni kazi ya mikono tangu mwezi wa tatu. Muti ukifika na pea tatu ao ine za majani unaukata kichwa, inauma roho lakini unakata, unatoa matawi. Kisha ku kila tawi vinakuja vitumba vitatu pamoja, cha katikati na viwili pembeni, unavunja vya pembeni vingali vidogo, na machipukizi ya chini yake pia, nguvu yote inakwenda ku kimoja. Jirani alipita akaniona ninavunja vitumba akashika kichwa. Fimbo unaisimika siku ile ile unapanda, hapana kisha, juu ukiisimika kisha unatoboa viazi bila kuona. Mimi nilitumia matete na vipande vya kitenge ya zamani ya mama yako.

Kukata ni asubuhi sana, jua lingali halijapanda. Dalia si kama ua zingine zinaweza kukatwa kitumba kikafunguka mu vazi, ikikatwa imefunga itabaki imefunga, kwa hiyo unangoja ifunguke karibu yote, lakini petali za nyuma zisianze kulegea. Unazigusa na kidole, ya nyuma kabisa, kama iko laini na ya kahawia pembeni, acha. Shina lake liko na tundu ndani, likikatwa linaingia mu maji mara moja, maji ya kina, mpaka karibu na majani.

Sikushinda, nilikuwa wa pili. Wa kwanza ni mama mumoja wa Keshero na nyeupe zake, na ilikuwa haki, roho ya ua zake zote tatu zilikuwa zimefunga kabisa, ya kwangu moja ilikuwa inaanza kufungua, njano inaonekana katikati. Hapa kwetu hiyo ni vita ya kila siku. Ulaya ya kaskazini wakati wa joto mchana unapita saa kumi na sita, hapa karibu na ikweta ni saa kumi na mbili mwaka muzima, na dalia ikiona mchana mfupi inasukuma nguvu chini ku viazi na ua linafungua roho yake mapema. Njo maana mimi sishughulike na zile zenye ua kubwa kama sahani, zile wanaweka mu foto zinapita sentimeta 25. Zetu za duara, za sentimeta kumi hivi, zinavumilia mchana wetu.

Sasa karto. Kiangazi ya mwezi wa sita ilikausha majani (na vile vidudu vidogo vya chini ya majani, vinafanya jani linakuwa la kijivu, vilikuja pia, nilikuwa ninavirushia maji kutoka chini), nikakata mashina, nikachimbua mwezi wa saba. Utakuta viazi mu vumbi ya mbao, ndani ya gazeti, hapana sasheti ya plastiki, juu mu sasheti vinatoka jasho na vinaoza. Juu ya kila kimoja nimeandika herufi, K ni ya koko. Kila kimoja kiko na jicho, nimeangalia mimi mwenyewe. Vikifika fungua karto siku hiyo hiyo, chenye ukungu kata pale palipooza mpaka ufike pa weupe, kisu ukipitishe ku moto ao ku javel (dawa ya kuua vijidudu) mbele ya kugusa kingine, juu dalia iko na virusi inapita na kisu.

Udongo wa Bukavu hapana wa Goma, usifanye kama mimi. Huko ni ule mwekundu wa mufinyanzi, unashika maji, na parseli yenu iko ku mutelemuko. Inua tuta, changanya muchanga na majani yaliyooza, panda mwezi wa tisa mvua ikianza, kina ya sentimeta kumi tu, nafasi ya nusu metre ao zaidi, kiazi kilale na jicho liangalie juu. Na usitie maji! Mpaka uone chipukizi limetoka. Kiazi bila mizizi hakiwezi kunywa, kinaoza tu, na mvua ya Bukavu itatosha kabisa. Chipukizi likitoka, usiku uende na tochi kutafuta konokono, kila usiku, zinapenda lile jani la kwanza kuliko kitu ingine. Ukiona muti majani yake ina mistari ya njano isiyoeleweka na haukue, ng'oa, choma, usiuhurumie hata kama ni K.

Nusu ya K nimebakisha hapa, nusu iko kwako. Ikitokea kitu upande mumoja, ingine iko ng'ambo ya ziwa.

Usinitumie feza ya maji, weka ya masomo yako na ya kula. Karto itakuja na yule mama anauzishaka maharagi, ile unajua, anapanda batoo ya usiku siku ya nne, kwa hiyo siku ya tano asubuhi uwe ku porti mbele watu wa mizigo hawajaanza kurushana. Muambie asiweke kitu juu yake. Ukishapokea nipigie, na unipigie foto ya kila kiazi, shingo ionekane, nikuambie kipi cha kupanda kwanza.

Papa yako