Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: nani aliwaruhusu kugawa namba zetu?

Yah: Orodha ya waombaji wa mikopo ya asilimia 10 (ya mapato ya halmashauri, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu)

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua kazi ni nyingi na meza yako haina nafasi ya barua nyingine. Ndiyo maana nilianzia kwa mtendaji wa kata, nikaelekezwa kwa afisa maendeleo ya jamii, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na semina. Ningeendelea kuvumilia kama si yaliyomkuta mweka hazina wetu Jumanne.

Alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya kiofisi kabisa. Hakubahatisha. Alitaja jina la kikundi chetu, kiasi tulichoomba, majina yetu kwa mfuatano uleule wa kwenye fomu, kisha akamsomea namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu kwa tarakimu. Akasema mkopo umepita, kilichobaki ni ada ya kufungua faili, shilingi 85,000, na mfumo unafungwa saa kumi jioni. Mweka hazina akatuma. Wewe usingetuma? Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumezizoea, tunazicheka, tunazifuta, kazi inaendelea. Huyu hakuwa wa aina hiyo. Huyu alikuwa na faili letu.

Amelipata wapi? Ushahidi wa kupeleka mahakamani sina, lakini pia sihitaji kwenda kwa mganga. Siku chache kabla ya simu hiyo, orodha ya vikundi vyote vilivyoomba ilikuwa imezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya kata. Ni picha za karatasi zilizopigwa juu ya meza ya ofisi, na kwenye pembe ya ukurasa mmoja kinaonekana kidole gumba cha mpigaji na kikombe cha chai. Safu ya kwanza majina. Ya pili namba za NIDA. Ya tatu simu. Ya nne kiasi cha mkopo. Ya tano, kwa sisi tulioomba kupitia ile asilimia 2, kati ya hizo 10, ya watu wenye ulemavu, imeandikwa "aina ya ulemavu".

Naomba nikae kidogo kwenye safu ya tano.

Mimi ni fundi cherehani na nasikia kwa sikio moja. Wateja wangu wengi walikuwa hawajui, maana nawakalisha upande wa kulia na maisha yanasonga. Orodha yenu imeniandika KIZIWI, kwa herufi kubwa. Sasa kuna mama akija kupima gauni ananipigia kelele mpaka wapita njia wanasimama. Mwingine alinionyesha urefu wa sketi anayoitaka kwa ishara, kwa upole mwingi, nikakosa hata la kumjibu. Sawa, mimi nacheka. Mwenzangu hacheki. Yeye ameandikiwa "afya ya akili". Kwa miaka mingi amekuwa akilea watoto wa watu wazazi wakiwa kazini, na hajawahi kulalamikiwa. Wiki ile ile orodha ilipotoka, wazazi wakaanza kuja na sababu: bibi yake amekuja kutoka kijijini, mtoto amepata shule, tutakupigia. Hawajapiga. Jambo alilokuwa amemwambia daktari wake na fomu yenu, basi, leo linajadiliwa kijiweni.

Nilipouliza, mtumishi mmoja wa ofisi yako alinijibu kwa kifupi: huo ni uwazi. Akanikumbusha kwamba vikundi hewa vilikula fedha za mikopo hii, mikopo ikasimamishwa Aprili 2023, na sasa lazima kila kitu kibandikwe. Kuhusu vikundi hewa nakubaliana naye kabisa. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, aliviandika kwenye ripoti zake, na sisi tusio hewa ndio tuliokaa tukisubiri mpaka utaratibu mpya ulipopatikana. Kwa hiyo bandikeni jina la kikundi, bandikeni mtaa kilipo, bandikeni shilingi mlizotoa na shilingi zilizorejeshwa. Hata jina la mwenyekiti bandikeni. Ila naomba kuelimishwa, Mkurugenzi: mwizi wa fedha za umma anakamatwaje kwa kutangaziwa watu sikio langu?

Na hiyo namba ya NIDA si ya kuandika ukutani. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ndiyo tuliyosajilia laini zetu, ndiyo tunayoulizwa benki. Nilipoiona yangu kwenye ile picha nilipiga *106# kuangalia kama kuna laini nisiyoijua iliyosajiliwa kwa jina langu. Zilikuwa zangu mbili tu, nashukuru Mungu. Lakini sasa napiga tena na tena, kama mtu anayeamka usiku kukagua komeo.

Nilidhani labda sheria ya mambo haya haijatungwa. Kumbe ipo tangu 2022, inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ilianza kutumika 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Dodoma, 3 Aprili 2024. Ofisi inayochukua taarifa za watu inaitwa mkusanyaji, na mkusanyaji anatakiwa azitumie kwa lengo alilochukulia na azilinde. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Mimi nina haki ya kuuliza mna nini kinachonihusu, haki ya kutaka mrekebishe (nasikia kwa sikio MOJA, andikeni hivyo), haki ya kutaka mfute, na haki ya kudai fidia nikiumizwa. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Na kabla ya yote hayo kuna Katiba, ibara ya 16, inayompa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi.

Haya nimeyajua juzi, kwenye simu ya mpwa wangu. Kwenye ukumbi wa kata tulifundishwa kuandika katiba ya kikundi, tukafundishwa kufungua akaunti, tukafundishwa namna ya kumpigia makofi mgeni rasmi. Hakuna aliyetuambia kwamba fomu ukishaijaza, kilichomo bado ni chako. Tulichoambiwa ni hiki, na wote tulikisikia, hata mimi: "Msiogope kuandika, hizi taarifa ni za ofisi tu." Mwenzangu alikuwa ameacha ile nafasi wazi. Baada ya maneno hayo akaijaza.

Wala sidhani aliyepiga picha ana roho mbaya. Nahisi mwenyekiti wa kikundi fulani alimwomba, "hebu nirushie nione kama tumo", naye akarusha, na yule akarusha kwingine. Au ilitokea steshenari tulikotolea kopi, maana vitambulisho vya nusu ya mtaa huu vimelala kwenye kompyuta ya yule kijana. Sijui. Ninachojua ni kwamba mtumishi wako naye hajafundishwa. Mtu aliyefundishwa angefunika ile safu hata kwa kikombe chake cha chai.

Sasa ombi langu. WhatsApp haifutiki, nimekubali. Lakini orodha ile ile bado imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, leo asubuhi nimepita nikaiona. Iondoeni. Waiteni watumishi wenu muwafundishe, kisha mtumeni mmoja wao kwenye mkutano wa mtaa atuambie hadharani: hakuna ada ya kufungua faili, hatutakupigia kukuomba hela, namba ya tapeli inatumwa 15040, na hizi ndizo haki zako juu ya taarifa ulizotupa. Dakika kumi zinatosha. Apewe nafasi kabla ya mgeni rasmi, watu wakiwa bado macho.

Na kama hayo yote ni mengi, kama yanahitaji bajeti na kikao na posho, basi niachie moja. Safu ya tano, Mkurugenzi. Tuma mtu na mkasi leo.

Wako mtiifu,

Mwanakikundi.

(Jina ukilihitaji liko kwenye ubao wa kata, ukurasa wa tatu, pamoja na namba yangu ya simu.)