Hilo panga la miwa mlipimia mgongo wa nani?

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi mambo. Mimi nalima miwa huku Kasulu, mkoa wa Kigoma, kashamba kenyewe nusu eka tu bondeni, miwa ya kutafuna na ya wale jamaa wa mashine za juisi pale stendi. Leo nina neno na hawa wanaotubunia zana za mkono "za mkulima mdogo".

Mwaka juzi nilienda maonyesho ya wakulima ya Nane Nane Tabora, viwanja vya Ipuli, kwenye banda moja (silitaji, sina ugomvi nao) wakanionyesha panga la miwa lenye mpini mrefu wakaniambia ukiwa na hili huinami tena. Nikanunua palepale, nikarudi nalo safari nzima nimelipakata kama mtoto. Siku ya kwanza shambani nikajua aliyelitengeneza hajawahi kusimama kwenye shina la miwa. Mpini ni bomba la chuma, ikifika saa tano jua limeshalichemsha hulishiki, uzito wote uko mbele, ukikata kidogo tu mkono umekufa, halafu shina moja lina miwa kumi na kuendelea imebanana, sasa ukilivuta nyuma ili upige linanasa kwenye miwa ya pembeni. Siku hizi watoto wanaangulia maembe.

Jamani muwa unakatwa chini kabisa, usawa wa ardhi. Utamu uko kwenye pingili za chini, na ukiacha kisiki kirefu maotea (miwa inayochipua upya baada ya kukata) yanachipukia juu juu, hayashiki udongo vizuri, upepo ukija yote yanalala. Kwa hiyo hata uchoke vipi lazima ushuke. Na hili panga letu la kufyekea limenyooka moja kwa moja na mpini wake, ili likate chini sawasawa kiganja nacho lazima kifike karibu na udongo, ndo maana tunakunjika toka kiunoni, kushoto umeshika muwa, kulia unakata, majani yanakuchana shingo, jioni ukitaka kunyooka unalia kama bawaba yenye kutu.

Nikamfuata fundi mmoja anayefua vitu kwa springi za gari (huku Buha, kwetu Waha, wazee walifua majembe yao wenyewe, sio mambo mageni haya), nikampeleka shambani amwangalie mke wangu anavyokata. Alikaa kama nusu saa hasemi kitu. Mwisho akaomba kamba, akapima kiganja cha mke wangu, akapima toka goti lake mpaka chini. La kwanza alilotengeneza lilikatika shingoni, la pili ndo tunalo. Ni fupi, bapa pana, shingo imepinda kidogo kwa hiyo bapa linalala chini wakati mkono umebaki usawa wa goti, mpini ni mti wa mpera, mwembamba kuliko ule wangu, mwishoni kaacha kifundo maana kiganja kikilowa maji ya miwa panga linachomoka, na katikati kazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mgongoni ameweka kandoano ka kuvulia majani, hilo nilimwambia mimi, Australia enzi wanakata kwa mkono walikuwa na panga za hivyo. Kuinama bado tunainama, ila sio kule kwa kugusa vidole vya miguu. Mke wangu alikuwa anapumzika kila akimaliza mstari mmoja, sasa anaunga miwili.

Na hapo kwa kina mama ndo pananiudhi kabisa, kila mpini unaouzwa dukani umepimwa kwa kiganja cha mwanaume wa mazoezi, mama anaushika vidole havikutani, anakaza mkono mpaka kifundo cha mkono kinavimba, halafu tunamwambia mvivu.

CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha zana za kilimo kule Arusha, wameundwa tangu 1981 kwa ajili ya zana za vijijini, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako hapahapa mkoani. Siombi mradi wala semina ya hotelini. Waje na mipini ya urefu tofauti wakae nasi siku moja tu. Tunavuna kiangazi, wafike saa moja asubuhi, maana jua likishakuwa kali hakuna anayekata, na wavae mikono mirefu.

Mkulima wa miwa, Kasulu