Salamu za Krismasi kwa Mashabiki wa Liverpool, Kisumu na Magharibi

Wapendwa mashabiki wenzetu wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia, pamoja nanyi mlio njiani kutoka Nairobi mkiwa mmelipa nauli maradufu: kamati inawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri na fanaka. Mungu awafikishe salama, awape afya, na meza zenu zisikose kitu, hata kama bei ya kuku pale Kibuye imewarudisha wengi kwenye omena.

Mwaka huu wa 2025 umekuwa mzito. Aprili tulitwaa ubingwa wa 20 wa ligi. Julai 3 mshambuliaji wetu Diogo Jota na mdogo wake André wakafia barabarani huko Hispania, na jezi yake namba 20 haitavaliwa tena. Oktoba tukampoteza Baba, Raila Odinga, mlezi wa klabu ya Gor Mahia, na siku ya kumuaga pale Mamboleo watu walizimia katika msongamano. Shangwe na kilio vimeingia kwa mlango mmoja, kama vilivyoingia kwa klabu yetu katika muongo wa 1980.

Muongo ule ulianza kwa makombe. Mei 27, 1981, beki Alan Kennedy aliwalaza Real Madrid 1-0 mjini Paris, na Bob Paisley akawa kocha wa kwanza kutwaa Kombe la Ulaya mara tatu. Kombe la Ligi likakaa kwetu miaka minne mfululizo, 1981 hadi 1984. Joe Fagan akaja, na msimu wake wa kwanza akabeba matatu: ligi, Kombe la Ligi na Kombe la Ulaya. Hilo la mwisho lilipatikana nyumbani kwa Roma wenyewe, kwa penalti 4-2, Bruce Grobbelaar wa Zimbabwe akilegeza magoti langoni hadi Conti na Graziani wakapaisha mipira.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 29, 1985, ikaja Heysel, Brussels. Karibu saa nzima kabla ya fainali na Juventus, mashabiki wetu walivunja uzio wa waya na kuvamia jukwaa Z. Waliokimbia, wengi wao mashabiki wa Juventus, walibanwa kwenye ukuta, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa. Ni kweli uwanja ulikuwa umechakaa na polisi walikuwa wachache. Lakini waliovamia walikuwa wetu, na 14 kati yao walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Anayevaa jezi hii aibebe na aibu hiyo. Klabu za Uingereza zilifungiwa Ulaya miaka mitano, yetu sita. (Ni katika miaka hiyo ya marufuku, 1987, ambapo Gor Mahia walichukua Kombe la Mandela, la washindi wa makombe Afrika, mbele ya Espérance, 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, kwa faida ya mabao ya ugenini.)

Kenny Dalglish, kocha na mchezaji kwa pamoja, alileta ligi na Kombe la FA mwaka 1986. Msimu wa 1987-88, akina Barnes na Beardsley walicheza mechi 29 za kwanza za ligi bila kushindwa.

Kisha Aprili 15, 1989: Hillsborough, Sheffield, nusu fainali na Nottingham Forest. Hapa tuende polepole. Mashabiki wetu 10,100 wenye tiketi za kusimama walipangiwa mageti saba ya kuzunguka. Kipimo cha juu wakati ule kilikuwa watu 750 kwa saa kwa kila geti. Piga hesabu: 5,250 kwa saa, yaani karibu saa mbili kuwaingiza wote, na hapo hakuna geti lililokwama. Nje pakajaa. Saa nane na dakika 52 polisi wakaamuru geti kubwa C lifunguliwe, na watu kama 2,000 wakaingia kwa dakika chache. Mbele yao palikuwa na njia ya chini yenye mteremko, ikiwapeleka moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, vilivyokuwa vimeshajaa. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi, ila hakuna aliyesimama pale kuwaelekeza. Mechi haikucheleweshwa. Ilisimamishwa saa tisa na dakika sita, na waliokufa kwa majeraha ya siku ile sasa ni 97, wa mwisho mwaka 2021. Walisingiziwa ulevi na wizi. Ilichukua miaka 27 baraza la uchunguzi litamke kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tusiseme ni siku yao ilifika. Yalikuwa mageti saba. Hata wale saba waliokufa katika msongamano uwanjani Nyayo, Nairobi, Oktoba 23, 2010, Gor ikicheza na AFC Leopards, walikuwa na mama zao waliowangoja nyumbani.

Boksingi Dei mabanda ya mpira yatajaa, na mechi za vijijini pia. Mwenye banda, usiweke meza ya kukatia tiketi mlangoni. Iweke kando, hatua kadhaa nje. Mlango ufunguke kwa nje, wa pili uwe wazi na usifungwe kufuli. Jenereta likae nje, mbali na mlango. Mtu mmoja ahesabu wanaoingia, na idadi ikitimia asisikilize hata rafiki yake. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado husogea. Wakifika sita au saba, umati huenda kama maji na hakuna anayeamua aende wapi. Foleni ikizidi, chelewesha mechi dakika 15. Usifungue geti la pembeni bila mtu wa kuwaelekeza ndani. Ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usiiname kuokota simu wala kiatu, fuata mkondo huku ukijisogeza upande. Mtoto mbebe juu. Wa nyuma hamuoni wa mbele, basi sauti za mbele zikipungua ghafla, acheni kusukuma papo hapo.

Mzazi anayemtuma mtoto mpirani amuulize anaingilia mlango gani. Kijana mwenye nguvu amtangulize mzee. Asiye na tiketi abaki nyumbani na redio.

Niruhusuni niseme moja nje ya ukatibu: nikiandika 97 mkono huwa mzito, na sitaki kamwe kuandika jina la mmoja wenu kwa namna hiyo.

Kamati inawatakia tena Krismasi njema na 2026 yenye baraka. Tukutane Januari, wote.

Wenu,
Katibu