Barua ya wazi kwa vijana wanaouza mahindi mwezi wa saba

Wanangu mlioanza kujitegemea hapa Makambako, nanyi wa vijiji vya Wanging'ombe na Mufindi mnaokuja mjini kuuza mazao,

Kamwene.

Wengi wenu mnanifahamu kama mzee anayeota jua mbele ya ghala lililofungwa, upande wa barabara ya Songea. Wazazi wenu walinifahamu kama mnunuzi, na waliokuwa na hasira waliniita mlanguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilinunua mahindi mwezi wa saba na kuyauza mwezi wa pili, na leo, kwa kuwa sina tena gari wala mtaji wa kulinda, ninataka kuwaeleza jinsi faida ile ilivyopatikana, maana sehemu kubwa yake ilitoka mifukoni mwa watu walewale walioniuzia.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Tunapanda Novemba na Desemba, tunavuna kuanzia Juni, na fedha ya mwaka mzima huingia katika wiki chache za baridi, wakati kila nyumba ina mahindi na hakuna anayeyatafuta. Sikuhitaji kumdanganya mtu. Nilikaa nikisubiri tu, kwa sababu nilijua kwamba aliyekopa mbolea ana siku ya kulipa, aliyetangaza harusi ana siku ya harusi, na kijana aliyeiona pikipiki dukani hana subira hata ya wiki moja; watu wa namna hiyo hutajiwa bei, hawataji. Ilipofika Februari, chakula kikiwa kimeisha nyumbani na mahindi ya shambani ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, walirudi kwangu na debe mkononi. Tuseme uliniuzia gunia la kilo 100 kwa shilingi 45,000. Gunia hilo ni kama debe sita, nami nikikuuzia debe moja kwa 14,000 utakuwa umenipa 84,000 kwa mahindi ambayo pengine uliyapukuchua kwa mikono yako mwenyewe. Hapo sijagusa lumbesa. Ile nundu ya mahindi inayoshonewa juu ya gunia, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, ilikuwa yangu bure, na sijivunii hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni kwamba mhesabu chakula kabla ya kuhesabu noti. Nyumba ya watu watano inayopika kilo mbili za unga kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani magunia saba na karibu debe mbili, ikiwa mnakula dona. Wapenda sembe waongeze, kwa kuwa pumba huiacha mashineni. Magunia hayo yatengwe kabla dalali hajaingia uani, na mume na mke wakubaliane, wakiwa wamesimama mbele ya magunia yenyewe, kwamba hayo hayauzwi. Nawataja wote wawili kwa makusudi. Nimewahi kupakia magunia usiku kwa baba mmoja ambaye mkewe alikuwa amelala, na Februari nikamwona mama yule kwenye foleni yangu, amemfunga mtoto mgongoni, akiuliza kama naweza kumpa nusu debe kwa mkopo.

Wako wanaosema wanauza mapema kwa kuogopa dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, na hofu hiyo ina msingi, lakini ina dawa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi mbili za mahindi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Yakishakauka, yatie katika ile mifuko ya tabaka tatu, nailoni mbili ndani na kiroba nje, ukiikandamiza kutoa hewa na kufunga kila tabaka peke yake. Mdudu aliyejificha ndani atakufa kwa kukosa hewa, bila dawa ya unga. Bei yake ni kubwa kuliko ya kiroba cha kawaida, ila mfuko usiotoboka hutumika tena msimu unaofuata. Adui yake ni panya, hivyo uweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Yanayobaki uzeni, na fedha ikiingia kwenye simu, isilale humo bila kugawanywa. Toeni kwanza ya mbolea, kwa sababu hata mbolea ya ruzuku hutaka fedha mkononi, kisha ya Januari, kwani serikali ilifuta ada lakini haikufuta viatu, sare na madaftari. Asiyetenga mafungu hayo mawili Julai ndiye anayekutwa Novemba kwa wakopeshaji tunaowaita kausha damu, akichukua 200,000 ili arudishe 260,000 baada ya mwezi mmoja, huku kitambulisho chake kikiwa kimeshikiliwa.

Kuhusu vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, nawapongeza akina mama, sanduku lenu la kufuli tatu ni salama kuliko godoro. Lakini kwa nini vikundi vingi vinavunja kikoba, yaani vinagawana akiba, mwezi Juni, siku ambazo kila mtu tayari ana fedha? Katika kikao kijacho pendekezeni mzunguko uishe mapema Novemba, gawio likutane na mbolea.

Mambo madogo nitayapita haraka. Mafuta ya kupima na sukari ya vifuko hukupunguzia fedha kila siku bila kuonekana. Nunueni kwa lita na kwa kilo pale mnapoweza. Maharage yalowekwe usiku, mkaa utapungua. Kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sitasema kitu, kwa sababu mlionikuta nao mko hai, isipokuwa kwamba msimu wake huja wakati wa mvua, ambapo mifuko yetu ni mitupu, na ulanzi wa mkopo huandikwa na muuzaji, si na mnywaji.

Mizani yangu bado ipo ghalani na haina kutu. Kuanzia mwezi wa sita mlango utakuwa wazi kila Jumamosi asubuhi, na yeyote anayetaka kujua uzito wa magunia yake kabla ya kuonana na mnunuzi ayalete, hakuna malipo. Njooni na daftari, kwa kuwa macho yangu hayasomi tena namba ndogo na mtaandika wenyewe.

Ni mimi mzee wenu,
mnunuzi wa zamani, Makambako