Meno yetu na maji ya Meru

Dar es Salaam
Jumapili jioni

Neema, shoga yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniuliza daktari wa meno na namna ya kuyang'arisha kabla ya sendofu, lakini kilichonichoma ni pale uliposema hutaki kupigwa picha unacheka. Mimi nimefunika mdomo kwa kiganja tangu darasa la tano, najua unachosema.

Neema, yale madoa ya kahawia kwenye meno yetu si uchafu. Tumekulia Ngurdoto, tumekunywa maji ya miteremko ya Meru, na maji yale yana madini ya floraidi kupita kile kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Na magadi tuliyolainishia makande yaliongezea. Floraidi ilituingia wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, hayajachomoza bado. Hata upige mswaki mara kumi kwa siku, doa limo ndani ya gamba la jino.

Nililijua hilo nimeshaumia. Mwaka juzi nilikwenda saluni moja huku, dada akanipaka dawa ambayo hata jina lake halijui. Fizi ziliungua, siku tatu nakunywa uji wa baridi. Meno yalipauka, kahawia ikabaki palepale na kuonekana zaidi. Mkaa na ndimu usiviguse kabisa: mkaa unakwangua, ndimu inalainisha gamba, na gamba likishalika halioti tena.

Baadaye ndipo nikaenda Muhimbili, kwa madaktari wa meno. Aliyenihudumia alianza kwa kutafuta matundu na kutoa ugaga, weupe baadaye. Akanieleza kwamba dawa ya kung'arisha ni peroksidi, na kwa madoa hafifu inaweza kutosha: unachongewa kifuniko cha plastiki kinachokaa sawasawa na meno yako, unatia jeli, unalala nacho kwa wiki mbili hivi. Meno hutia ganzi siku za mwanzo. Madoa ya kahawia kama yetu huparuzwa juujuu kwanza kwa asidi na unga maalumu, kisha jeli ifuate. Mimi nilifanyiwa hivyo meno mawili ya juu. Hayakuwa meupe kama karatasi, lakini kiganja nimekishusha. Kuna na vigamba vya kubandika mbele ya jino. Mara nyingi jino huchongwa kwanza, na kilichochongwa hakirudi. Hicho nilikikataa.

Kwa kuwa uko Arusha, anzia kliniki ya meno ya hospitali ya Mount Meru. Madaktari wa huko meno kama yetu wanayaona kila siku. Ukienda kwa binafsi, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na bei yote akutajie kabla hujakaa kitini. Lile jino lako la mbele lililozibwa, mwambie mapema: kizibo hakibadiliki rangi kwa dawa, kwa hiyo meno hung'arishwa kwanza, kisha kizibo kinabadilishwa wiki kama mbili baadaye. Nenda mwezi huu, usingoje wiki ya sherehe.

Na yule mtoto wa dada yako wa miaka miwili, maji ya kunywa mkingieni ya mvua. Kuchemsha hakutoi floraidi. Mwambie mama yake leo, meno ya mtoto ya mbele ya ukubwani yanajengeka sasa hivi.

Wako,
Upendo